Nyumbani ni Wapi

Mume wangu Wasike hajui kudanganya. Watu husema hiyo ni sifa. Mimi niliyeishi nayo nasema ni balaa kama balaa nyingine yoyote.

Mwaka ule wa themanini na tatu yeye alikuwa akikaa Mbale, ng'ambo ya mpaka, fundi wa mitambo katika hospitali ya wamisheni. Mimi nilikuwa Dandora, Nairobi, na binti yetu Nangila. Nangila alizaliwa na tundu moyoni, na daktari wake alikuwa huko huko Nairobi. Mtoto wa darasa la tatu, lakini akitoka bombani hadi mlangoni tu, midomo inageuka zambarau. Daktari hakutuficha: hapa hakuna wa kumpasua. Kuna hospitali London itakayompokea, ila ilipwe kwanza, kwa pauni, kupitia benki, na Krismasi isipite.

Pauni tulikuwa nazo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wamisheni walipofunga virago kurudi kwao walimpa Wasike kiinua mgongo chake kwa hundi ya pauni, naye akabaki Mbale kuendesha jenereta za hospitali. Lakini siku hizo mkazi wa Kenya hakuruhusiwa kuweka pesa za kigeni. Ukizipata unaiuzia benki, unapewa shilingi, na ukitaka pauni tena unaomba kibali na kungoja mpaka uote mvi. Anayekaa nje ndiye tu angefunguliwa akaunti ya pauni. Wasike alikuwa anakaa nje. Barua ya kazi alikuwa nayo, ruhusa ya kuishi Uganda alikuwa nayo. Kilichobaki ni kusema tu.

Akaomba ruhusa kazini, akaja, na Jumapili, baada ya kanisa, tulifanya mazoezi. Nangila alikaa kwenye kigoda, amevaa miwani ya baba yake, akawa ndiye mtu wa benki.

"Unakaa wapi, bwana?"

"Mbale."

"Sikusikia! Unakaa wapi?"

"Nakaa Mbale, mheshimiwa!"

"Haya, chukua pauni zako, uende."

Alicheka hadi ikabidi nimlaze. Jirani yetu Wakiuru, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni pake, akasema, "Huyo atakuwa meneja. Ona vile yuko mkali!"

Jumatatu tukaenda mjini. Wasike alivaa koti la arusi yetu, linalombana mabega. Tuliketishwa mbele ya afisa wa makamo, na kibao mezani kilisema Masinde. Alisoma jina la mume wangu, uso ukamchangamka.

"Mulembe!"

"Mulembe!" Wasike akaitikia salamu ya kwetu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa wewe ni Wasike wa wapi? Nyumbani ni wapi?"

Hakuuliza unakaa wapi. Kwetu Wabukusu, na nadhani kwa kila aliyekuja mjini kutafuta, kukaa ni jambo moja na nyumbani ni jingine. Utakaa Dandora miaka na miaka, uzae, uzeeke hapo, lakini nyumbani ni pale alipozikwa baba yako, na ndipo utakapozikwa wewe. Kumwambia mtu wa kwenu kwamba nyumbani ni kwenye chumba cha kupanga ni kumkana baba yako kaburini. Wasike hawezi hilo.

"Kimilili," akasema. "Ukitoka pale Kamukuywa, unashika barabara ya—"

"Wacha! Mimi ni wa Kamukuywa!"

Nikamkanyaga Wasike mguu chini ya meza.

"Pole, Mama Nangila," akaniambia, akausogeza mguu wake ili nipate nafasi.

"Lakini anakaa Mbale," nikamwambia yule afisa.

"Huko ni kazi tu," Wasike akadakia, asije akaonekana mtu aliyepotelea ng'ambo. "Nimepanga chumba. Boma langu liko Kimilili. Nyumba nimeiezeka mabati juzijuzi."

"Hivyo ndivyo inatakikana," Masinde akasema, huku akiandika. "Mwanamume asisahau nyumbani."

Hakuwa mtu mbaya. Alituagizia chai. Wasike akatia sahihi alipoonyeshwa, akakabidhi hundi, tukatoka. Barabarani akaniambia Mungu ametupatia mtu wetu. Nilitaka kulia na kumpiga, yote mawili.

Wiki iliyofuata tuliitwa. Mkubwa wake Masinde alikuwa mama mmoja aitwaye Kalekye, aliyeongea bila kutuangalia.

"Wewe ni mkazi wa Kenya. Nyumba yako iko Kenya, umesema mwenyewe na umetia sahihi. Hundi tumeshainunua. Shilingi zako ziko hapa."

Tukatoa barua ya kazi. Nikaeleza, nikasihi, nikamtaja mtoto na moyo wake. Yule mama akageuza karatasi na kumuuliza Wasike, "Bwana, ulidanganya lini? Siku ile au leo? Maana pesa za kigeni zina jela."

Masinde alikuwa amesimama nyuma yake, anaangalia viatu vyake. Siku zote mbili Wasike alikuwa amesema kweli.

Tukaomba kibali. Tuliambiwa mje kesho, mje mwezi ujao, faili iko kwa mkubwa, mkubwa yuko safarini. Wasike akarudi Mbale asije akafutwa kazi. Nangila akawa hawezi tena kulala chali, analala ameketi, nimemwegemeza mito.

"Mama, Baba alisema vizuri kule benki?"

"Alisema vizuri."

"Alisema Mbale?"

"Alisema Mbale."

Mimi kudanganya najua. Laiti ningekuwa mimi niliyeulizwa.

Nangila alifariki Novemba, asubuhi, nikimvisha soksi. Watu walijaa mle chumbani wakisema kazi ya Mungu haina makosa. Nikawauliza Mungu siku hizi amekuwa karani wa benki? Wakiuru akanishika mkono, akanitoa nje. Sikuwa na haja ya kufarijiwa na mtu yeyote.

Wasike alifika akiwa na koti lile lile. Tulikwenda mochari kumchukua mtoto, na mhudumu akavuta kitabu cha ruhusa ya kusafirisha maiti.

"Poleni sana, wazazi. Mnampeleka nyumbani? Nyumbani ni wapi?"

Kimilili kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wasike alijinyoosha ndani ya koti lake.

"Mbale," akasema.

"Wapi, mzee?"

"Nakaa Mbale, mheshimiwa! Andika Mbale." Ilikuwa sauti ile ile ya Jumapili, aliyomjibu nayo mtoto juu ya kigoda. "Andika. Nakaa Mbale."

Yule mhudumu akanitazama mimi, kalamu mkononi. Nikamwambia ni Kimilili, naye akaandika.