Hapa Hatolewi Mtu

Bi Kinanda alikwenda kuomba mto tu, maana kiti cha pale ukumbini kilikuwa kifupi na magoti yake hayakupenda kugombana na piano. Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Ndani akamsikia Radi, mpiga dramu wao, akisema na fundi wa kurekodi.

"Mrekodi kama kawaida, asishtuke. Watu wakishatawanyika tunaifuta besi yake, namleta mwenye vidole vizima ajaze."

"Na mwenyewe akija kusikiliza?"

"Nani, Kimya? Atajisifu kwamba kapiga vizuri!"

Wakacheka.

Mto ukasahaulika. Kimya, mpiga besi, ile kubwa ya kusimama, ni kaka yake Bi Kinanda, tumbo moja. Radi kamwoa mdogo wao. Yeye kwenye piano, Kimya na Radi walipiga jazi pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, hotelini, na kwenye harusi za watu wasiosikiliza, wakila sahani moja. Kisha kiharusi kikampitia Kimya, kikamwachia kidole kidogo cha kushoto kigumu kama njiti ya kiberiti. Akajifunza upya. Noti zake sasa huchelewa kiasi cha kupepesa jicho, na wenzake hungoja, hata nyimbo zao zimepata mwendo wa mtu mzima anayeshuka ngazi kwa heshima zake. Bi Kinanda aliupenda mwendo ule. Alidhani na shemeji yake anaupenda. Na leo, mbele ya watazamaji, ndipo walipokuwa warekodi santuri yao ya kwanza.

Kikulacho ki nguoni mwako; hiki kilikuwa kimevaa nguo yenyewe na vifungo kikafunga.

Alirudi ukumbini, watu bado wakisubiri nje, na sasa akavielewa vile viwambo. Fundi alikuwa amemzungushia Kimya mbao zilizovishwa sponji, kamtenga kama mgonjwa wa surua, ili sauti ya besi iingie kwenye maikrofoni yake tu, isigusane na ya mwingine. Kilicho peke yake hufutika.

Akashika kiwambo cha kwanza, akakiburuta sakafuni.

"We dada, una nini?" Kimya akauliza.

"Njoo huku. Simama hapa, kiunoni mwa piano." Akainua kifuniko chote.

Fundi akaja mbio, Radi nyuma yake. "Mama, sauti zitaingiliana!"

"Ziingiliane mpaka isijulikane ipi ya nani."

"Lakini nikitaka kumrekebisha mmoja baadaye..."

"Mmoja yupi? Mtaje."

Fundi akamtazama Radi. Radi akatazama vijiti vyake.

"Hasira hasara, shemeji."

"Hasara umeshaileta wewe. Mwambie kaka. Mwambie kwa mdomo uleule uliochekea kule ndani."

Radi akasema, akienda mbele na kurudi nyuma: kwamba santuri hudumu, kwamba msikilizaji hatajua habari za kiharusi, atasikia besi mbovu tu, kwamba ni huruma.

Kimya ni mtu ambaye maneno yake ya siku nzima hayajazi kijiko. "Ungeniambia nisije, ningekaa nyumbani," akasema. "Lakini kunileta nitoe jasho la bure, kama punda anayezungusha kinu kitupu?" Akaibeba besi yake, akaja kusimama pale ubavu wa piano unapobonyea. "Sogeza dramu zako, shemeji. Sogea mpaka nikukanyage."

Milango ikafunguliwa.

Walipiga kwa hasira. Radi alipiga kama anayepigilia misumari. Katikati ya wimbo mmoja, damu ikimchemka, Bi Kinanda hakungoja. Ule mpepeso wa jicho aliozoea kumpa kaka yake akaula. Kimya akaangukia noti isiyo yake, nayo ikavuma ukumbi mzima, nene, haina pa kujificha. Radi akainua macho: umeona? Bi Kinanda akaona, aibu ikamshika, maana kosa lilikuwa lake. Akapunguza mwendo. Radi naye, apende asipende, akangoja, kwa kuwa mikono yake ilijua kungoja kabla kichwa hakijajua hila. Kimya akairudia ile noti mbovu makusudi, akairudia tena, mpaka ikawa njia, nao wakaifuata.

Watu walipoondoka, fundi alijaribu kuishusha sauti ya besi. Piano ikashuka nayo. Akaigusa huku na kule, kisha akavua spika za masikioni.

"Hatoki. Nikimtoa yeye nimewatoa wote."

"Na lile kosa?" Radi akauliza.

"Litabaki."

"Ni langu," akasema Bi Kinanda. "Liandikeni hata kwenye jalada."

Radi akatoa funguo za gari, kama siku zote. "Haya, twendeni niwashushe."

"Mimi nina miguu. Na mdogo wangu mwambie nitakuja kumsalimia siku ambayo wewe hupo."

Kimya alikuwa ameshatangulia nje, besi mgongoni, wala hakuelekea kwenye gari.