Masikio ya Shinpei

King'ora cha kiwanda cha mabomba pale Kitakyushu kililia Hatakeda Shinpei akiwa bado anahangaika na kifungo cha ovaroli. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi tangu majira ya mvua. Mogami, mwenzake wa timu ya raga ya kiwanda, aliyesukuma naye bega kwa bega miaka yote ile kwenye skramu, ule msukumano wa vichwa na mabega, alimfungia kifungo, wakaingia kazini.

Shinpei alikuwa mtoto wa Tagawa, kwenye nyumba za wachimba makaa, ambako migodi ilifungwa na wazee wakaachiwa kikohozi. Shuleni alikuwa mnene kama gunia la mchele, na unene huo ndio uliomleta mjumbe wa kiwanda mpaka sebuleni kwao. Mjumbe alikunywa chai, akaapa kwamba kijana akiwachezea raga, kiwanda kitamtunza hadi uzeeni. Mama yake aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Shingo ilipoumia kwenye skramu, daktari wa kiwanda alisema amelala vibaya. Akamchoma sindano, akamrudisha uwanjani. Baadaye akamchoma tena.

Mchana ule mkuu wa idara, Bwana Nukaga, alimwita. Alimweleza kwamba timu haimhitaji tena, na kwamba mwezi ujao atahamishiwa kwa mkandarasi anayefagia yadi ya vyuma chakavu. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akamtaka jioni aje mkahawani, ambako wakubwa watakula na mteja kutoka Osaka.

"Vaa jezi," alisema. "Ukiwafurahisha, Hatakeda, huenda habari za yadi zikasahaulika."

Alikwenda. Mteja, mzee aliyeiva uso kwa pombe ya sake, aliyatamani masikio ya Shinpei, yale yaliyosagwa na skramu mpaka yakawa kama maandazi yaliyokandwa ovyo. Akayaminya, akacheka, akawaita wenzake nao waminye. Vidole vyao viliteleza kwa mafuta na kunuka samaki mbichi. Mmoja akajifutia mkono kwenye jezi, palepale penye jina la kiwanda. Shinpei alitabasamu. Tabasamu lake mwenyewe lilimtia kinyaa kuliko vidole vyao.

Mteja aliponyoosha mkono tena, Shinpei aliudaka, akaurudisha mezani taratibu.

"Chenye vishikio ni sufuria, mzee. Mimi ni mtu."

Meza nzima iliangua kicheko. Walidhani ni utani, na Nukaga ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini Shinpei aliposimama na kutoka, Nukaga alimfuata mpaka kwenye ngazi, kicheko kimemkauka mdomoni, akamwamuru arudi akaombe radhi.

"Shingo mmeshaichukua, mkuu," Shinpei alimjibu. "Radhi sina."

Akashuka zake. Nyuma ya mkahawa aliinamia mfereji, akatapika chakula chote cha kiwanda, hata nyongo.

Mwezi uliofuata alikabidhiwa ufagio. Na kwenye ukuta wa kantini, mahali ambapo kila mfanyakazi hupita na sinia lake, ikatundikwa picha aliyoipiga Nukaga jioni ile: Shinpei anatabasamu, vidole vya mteja vimeng'ang'ania sikio lake, na chini yake maandishi makubwa: SISI NI FAMILIA MOJA.