Barabara ya Bondeni

Fundi cherehani alisukuma mkasi na vitambaa pembeni, akatandaza ramani mezani. Likizo ya siku tatu: yeye, mumewe na binti yao wa miaka tisa. Fedha ilikuwa ya kubana, kwa hiyo watalala hosteli ya kanisa na chakula watabeba cha nyumbani.

"Tupite barabara ya chini," alisema. "Ni fupi, mafuta hayataliwa sana."

"Tunapita mlimani," mumewe alikata shauri. Alikuwa ameendesha lori miaka ishirini na sita, hata watu wakamwita Kona. "Nataka kuliona lile bonde kutoka kileleni. Njia ni hii hapa."

Kidole chake kikafuata mstari wa buluu. Ule ulikuwa mto.

Mkewe alidhani ni mzaha, lakini uso wa Kona ulikuwa mkavu. Akamsogezea kikaratasi cha hosteli. "Hebu nisomee, chumba cha watatu wanasemaje?"

Kona akakishika mbali, akakisogeza karibu, akakitupa. "Maandishi ya sisimizi haya!"

Fundi alimkumbuka mwendesha baiskeli aliyejirusha mtaroni wiki iliyopita mbele ya gari lao, na Kona akamtukana kwamba kalewa. Binti yao alikuwa kiti cha nyuma.

"Jirani kaanika nguo pale nje. Ya mwisho rangi gani?"

"Umenigeuza mwanafunzi?" Alipiga meza, pini zikamwagika sakafuni.

"Rangi gani, mume wangu?"

Kona aligeukia dirisha. Shingo ilimsimama mishipa. "Nyekundu."

"Hakuna nguo pale. Hata kamba hakuna."

Kona akaketi kama gunia lililotuliwa. "Daktari aliniambia miezi minne iliyopita. Kuna doa katikati ya macho, linakua. Mwakani huenda nisilione tena bonde lolote."

"Na mtoto ungempitisha kwenye zile kona hivyo hivyo?" mkewe alisema. "Mficha maradhi..."

"Najua inavyoishia."

Fundi alinyoosha kiganja. "Funguo." Kona hakusogea. Kiganja nacho hakikurudi, mpaka funguo zikatua. "Leseni ninayo. Bonde tutapita, ila naendesha mimi."

Fundi hakuwahi kuendesha mbali zaidi ya sokoni. Jumamosi, mlimani, aling'ang'ania usukani huku genge refu likipumua ubavuni.

"Gia ya pili," Kona alisema, kichwa kaegemeza dirishani akisikiliza. "Bana pembeni. Kuna lori."

"Sioni lori."

"Bana, mama!"

Akabana. Lori likatokeza konani, limeijaza barabara yote, likapita likiwatikisa vioo. Fundi akapanda hivyo hivyo kwa gia ya pili mpaka kileleni.

Alipovuta breki ya mkono, vidole vyake vilikataa kuachia usukani. Kona alishuka, akasimama ukingoni, akageuza uso upande ili alitazame bonde kwa pembe ya jicho, ambako doa halijafika.

"Mama, tumefika hosteli?" binti aliuliza.

"Bado. Nenda kamshike baba yako mkono."