Mwisho Walioutaka Watazamaji

Mwenye mtoto anayeishi kwa kupigiwa makofi na asome haya. Sisemi mtoto mbaya. Wangu si mbaya, na hapo ndipo penye hofu, maana mbaya angejulikana mapema tukamkanya.

Binti yangu ni mkalimani wa sinema. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la saruji. Una viti vya plastiki na mapazia meusi madirishani, na sinema zake zote huja kwa lugha za watu wa mbali. Yeye hukaa kwenye stuli kando ya kile kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, na lolote linalosemwa kwenye picha hulitoa hapo hapo kwa lugha yetu. Mtoto akilia, analia yeye. Wanaume wawili wakigombana, anakuwa wote wawili. Watu wakampa jina la Kinanda, na mimi niliyemzaa nikajikuta namwita hivyo hivyo.

Iliyompatia sifa ni ile sinema ya sehemu tatu, ya vyombo vya anga. Kuna nchi huko kwenye nyota imekauka, haina hata tone la maji. Kijana mmoja, wanamwita Nahodha, anamuaga mama yake, anaingia kwenye chombo, anakwenda kuyatafuta maji gizani. Mama anapanda juu ya mnara, anawasha taa. Anamwambia, "Taa hii sitaizima mpaka uingie ndani." Sehemu ya kwanza ikaishia hapo, ukumbi mzima ukilia, wanaume wakisingizia vumbi la saruji. Sehemu ya pili Nahodha akapotea. Tukaambiwa tungoje ya tatu, na tukangoja miaka.

Sasa nimtaje dada yangu, maana habari hii ni ya kwake.

Dada ni fundi cherehani, nyumba yake inatazamana na yangu. Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta maisha nchi ya mbali. Mwanzo simu zilikuwa za kila wiki, zikawa za sikukuu, kisha kimya. Siku dada alipoitazama sehemu ya kwanza, alirudi nyumbani akawasha taa ya barazani, na tangu hapo haijazimwa, mchana wala usiku. Majirani walimtania, "Fundi, jua unalimulikia?" Akajibu, "Wewe lipa umeme wako, na mimi nilipe wangu."

Kisha akaugua sukari. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kulia kikakua, kikapanda. Alikifunga vitambaa alivyokata mwenyewe, safi, vyenye upindo, akavimwagia manukato, lakini ukikaa karibu naye unapima suruali, pua inajua. Hospitali walisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi, la sivyo sumu itapanda na mtu ataondoka. Dada akakataa.

"Mwanangu aliniacha nakanyaga pedeli kwa mguu huu," alisema. "Akirudi anikute nimekuwa nusu?"

Tulimbembeleza, tukamsuta, tukamletea daktari nyumbani. Wapi! Mwishowe siku moja, mimi na Kinanda tukiwa tumekaa kwake, akatua mkasi mezani.

"Haya, sikilizeni," akasema. "Sehemu ya tatu inakuja. Nahodha akirudi kwa mama yake, na mimi nangoja wangu. Asiporudi, nitakwenda wakanikate. Na msinisemeshe tena."

Kinanda akacheka. "Mama mkubwa, yaani mguu wako umeupeleka sinema?"

"Nyinyi mmeupeleka kwa daktari. Mimi nimeupeleka ninakotaka."

Usimcheke. Mtu akichoka kuamua hutafuta kitu kimwamulie. Mwingine hungoja ndoto, mwingine hungoja mvua. Dada yangu alingoja sinema, na neno lake likishatoka halirudi. Ndiyo maana nilifurahi kama mwendawazimu pale Kinanda, aliyekuwa ameitazama peke yake ofisini kwa mwenye ukumbi ili ajiandae, aliponijia jikoni akasema, "Mama, harudi."

"Kweli?"

"Anatuma maji yatangulie, kisha chombo chake kinatumbukia gizani. Mama yake anayapata maji, anangoja, anangoja, halafu anapanda mnara anazima taa. Basi, mwisho."

Nikapiga goti pale pale sakafuni, nikashukuru kwa kifo cha mtu asiyekuwepo. "Mwanangu," nikamwambia, "mama yako mkubwa nitamleta ukumbini Jumapili, mweleze kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze. Jumatatu tunampeleka hospitali."

"Nimekuahidi, mama."

Ilianza kuonyeshwa Ijumaa. Mimi nilikuwa nje ya mlango nikimngoja Kinanda, nikawasikia watu walivyotoka. Hawakutoka, walimwagika. Wa mbele alikuwa Bwana Kasoro, mtu ambaye hata maji ya kunywa huyatafutia ila.

"Ya kwanza tamu, ya pili tamu, hii ya tatu wametia maji!" alipiga kelele. "Aliyeitunga alikuwa na haraka ya kwenda msalani!"

"Mimi," akasema kinyozi, "kila kichwa nilichonyoa mtaa huu nimekiambia Nahodha atarudi. Kesho nitavishika vichwa hivyo kwa uso gani?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akajaribu kutuliza. "Jamani, angalau maji yamefika. Watu wamepona."

"Maji!" Bwana Kasoro akamgeukia. "Mama yake alikuwa anangoja maji au anangoja mwana? Wewe huyo mgongoni nikuletee ndoo nimchukue?"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Ndipo mmoja wao akasema neno lililonikaa rohoni: "Ah, na huyu Kinanda naye! Kasema kavu kama anasoma tangazo la msiba. Sauti yake ndiyo iliyomuua Nahodha."

Wote wakalidaka. Lililokuwa kosa la sinema likawa kosa la mwanangu. Alipotoka walimzomea, mtu akamrushia chupa tupu ya plastiki ikampiga begani. Simu yake usiku ule ililia kama nzi kwenye gudulia, kila mtu na maoni yake. Aliyasoma yote. Nilimwambia azime. Akasema, "Mama, hawa ndio walionipa jina."

Jumamosi ukumbi ulijaa nusu. Mwenye ukumbi, mtu mpole wa kusema na mgumu wa kutenda, alimwita mbele yangu.

"Binti, picha siwezi kuibadilisha," akasema. "Lakini mdomo si unabadilika? Mrudishe mtu wao. Nani atajua?"

"Mama yake anazima taa, watu wanaona," Kinanda akajibu.

"Wewe ni mkalimani, si mtoto. Tafuta neno la kuivika ile picha. Yupo kijana ng'ambo ya barabara anasema mwisho wowote utakao, nikimwita leo anakuja leo."

"Kesho hapana," mwanangu akasema. "Kesho nimemwahidi mama."

Nilimwona akiitupia simu yake jicho. Nikajiambia, mtoto wangu ni jiwe. Mzazi anapenda kujiambia.

Jumapili mchana nilimtembeza dada taratibu, mkono wake shingoni mwangu. Alikuwa amevaa nguo aliyojishonea, kola imenyooka, na harufu ya manukato ilitutangulia njia nzima. Ukumbi ulikuwa umefurika, wengine wamekuja kwa ubishi tu, wasikie kama ni kweli. Tulipewa viti vya mbele. Kinanda alitutazama, akatikisa kichwa kidogo, kama kuniambia, usijali.

Na kweli alianza vizuri. Chombo kikaruka, nyota zikapita, akawa Nahodha, akawa mama, akawa roboti mwenye kigugumizi watu wakacheka. Maji yalipopatikana ukumbi ulipiga makofi. Kisha chombo kikaanza kutetemeka na taa zake kuzimika moja moja, na wale waliokwisha iona wakaanza kunung'unika nyuma.

"Mrudishe!" akaita mtu.

"Mrudishe! Mrudishe!" Miguu ikapiga sakafu, viti vikagongana.

Kinanda akaendelea kwa sauti ya chini, "Mama, maji yametangulia, mimi..." akakwama. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Akageuza macho kwangu, na kando yangu dada yangu alikuwa ameinuka, amekanyaga ule mguu mbovu, mikono kifuani.

"Mrudishe, mwanangu," dada akasema. Si kwa kelele. "Mrudishe."

Kwenye picha, yule bibi alikuwa amefika juu ya mnara. Akaitazama taa. Akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa kiti, nikisema moyoni, sema, mwanangu, sema kama ilivyo, ni mguu tu, ni mguu tu.

Taa ikazimwa. Giza likajaa kitambaa chote.

Na katika giza lile nikasikia sauti ya mwanaume kijana, laini, iliyochoka kwa safari, ikitoka kinywani mwa binti yangu: "Mama, mbona unazima? Ah, kumbe umeniona. Taa ya nini tena, na mimi nimeshaingia ndani."

Sijapata kusikia shangwe kama ile. Ghala lilitikisika. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua. Nje, wale wale wa Ijumaa ndio walioongoza sifa.

"Hii sasa ndiyo sinema!" alisema Bwana Kasoro, macho mekundu. "Nyinyi mliosema hakurudi mlikuwa mmelala."

"Wewe ndiye uliyesema!"

"Nilikuwa napima akili zenu."

Walimbeba Kinanda mabegani. Alikuwa anacheka. Aliponiona akaacha, kisha akasikia jina lake likiimbwa, akacheka tena. Wenzangu, hapo ndipo nilipomwogopa mwanangu mara ya kwanza.

Nyumbani nilimwambia dada ukweli usiku haujaingia. Nilimwambia kila kitu, maji, giza, taa. Alinisikiliza akitunga uzi kwenye sindano. "Mdogo wangu," akasema, "mkalimani ni wewe au ni yeye?" Jumatatu hakwenda popote. Alikata kitambaa cha bluu, akaanza kushona shati la mwanawe kwa kipimo cha siku aliyoondoka, na pedeli akaikanyaga kwa mguu ule ule.

Kinanda alikawia kwenda kwake. Kila siku alikuwa na sababu: ukumbi unajaa, wanataka mchana na jioni, keshokutwa mama. Alipokwenda, dada alikuwa tayari kitandani na homa, mguu umekuwa mweusi hadi juu ya goti. Mimi nilikuwa namkanda paji la uso. Mwanangu alipiga magoti akashika mkono wake.

"Mama mkubwa, nilidanganya. Nahodha hakurudi. Nilisema vile kwa sababu watu..."

"Najua," dada akasema.

"Mama alikwambia."

"Najua tangu pale pale. Macho si ninayo? Niliuona uso wa yule mama. Mtu aliyefikiwa na mwanawe hazimi taa kwa uso ule."

Kinanda akainua uso. "Sasa mbona hukwenda hospitali?"

Dada alifumba macho. Kisha akasema, "Ukumbi mzima ulishangilia. Watu wengi vile, wote wanasema amerudi. Nikasema, mimi nani nibaki peke yangu na macho yangu? Nawe ulisema vizuri, mwanangu. Ulisema kama yeye hasa."

Tulimkimbiza hospitali siku ile. Walimkata juu kabisa, lakini sumu ilikuwa imekwisha tembea. Hakuamka kutoka kwenye ule usingizi wao. Shati la bluu nimelikunja, lina mkono mmoja. Mwanawe hadi leo hatujui aliko, na hata wa kumpelekea habari hatuna.

Watu wa ukumbini walikuja msibani, sikatai, walitoa pole. Wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka nikawasikia wakibishana, sinema ingekuwa nzuri zaidi kama ingeendelea kidogo baada ya Nahodha kuingia ndani, tumwone akila. Kinyozi akasema sehemu ya tatu ndiyo bora kuliko zote. Bwana Kasoro akasema ya pili. Kinanda alikuwa anapita na birika la chai. Wakamwuliza, "Wewe unaonaje?" Akawamiminia chai.

Kwenye stuli hajarudi. Mwenye ukumbi amemchukua kijana wa ng'ambo ya barabara. Mwanangu amehamia kwenye nyumba ya dada, anasema asiiache tupu. Sauti yake imekuwa ya kunong'ona, ukimwuliza jambo lolote, hata kama chumvi imetosha, anakutazama kwanza usoni ajue unataka kusikia nini.

Nanyi wenye watoto wanaosifiwa, msingoje mpaka ukumbi uwakumbatie. Mimi nilimwekesha ahadi mara moja jikoni nikadhani inatosha, kumbe wao walikuwa naye kila siku. Sasa hivi ni adhuhuri, jua la kupasua mawe, na kutoka dirishani kwangu naiona ile taa ya barazani kwa dada inawaka. Jana nilivuka njia niizime. Kinanda aliniwahi mlangoni, akauweka mkono wake juu ya swichi.

"Iache, mama," alisema. "Wakipita wakiona imezimwa, watasema nini?"