Lebo ya Kapteni Thorold

Kitu cha kwanza alichokiona Wilfred Ockenden asubuhi ile, kabla hata hajaiweka miwani sawasawa puani, ni maji yenye rangi ya chai. Beseni lilikuwa pale pale juu ya meza ya jikoni alipoliacha. Ndani yake kichwa cha mwanamke cha udongo wa kuchoma, kisichozidi ngumi ya mtoto, kilikuwa kimeanguka ubavu na kumtazama kwa jicho moja kama mtu aliyeamshwa mapema bila sababu. Shingoni, palipokuwa na karatasi kwa zaidi ya miaka mia moja, palibaki doa la gundi. Juu ya maji vilielea vinyuzi vyeupe. Wilfred alivikinga kwa kijiko cha chai, na vikayeyukia humo humo kijikoni.

"Unakoroga nini, mume wangu?" Beryl aliuliza kutoka mlangoni. "Kama ni supu, mimi nitakula mkate mkavu."

"Lebo imeondoka."

"Imeondoka imekwenda wapi?"

Wilfred alimnyooshea kijiko. Beryl akachungulia, akachungulia tena, kisha akavuta kiti akaketi. Miaka arobaini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha wakati wa kuuweka mzaha kando, naye aliuweka kando kwa muda wa kumeza mate.

"Nilikwambia upige picha. Nilisema, Wilf, hii hapa simu yangu, piga picha. Ukasema mwenye macho yake hahitaji picha."

"Nilisema."

"Basi macho unayo. Cha kutazama ndicho huna."

Kosa lilikuwa lake peke yake, tena la kitaalamu, kosa ambalo mtu asiyejua kitu asingeweza kulifanya. Udongo uliokaa kaburini hunywa chumvi ya ardhi, na chumvi hiyo huja kuchanua juu ya uso kama ukoga. Dawa yake ni kuuloweka kwenye maji safi, yale yanayotiwa kwenye betri za magari, na kuyabadilisha mara kwa mara mpaka chumvi iishe. Wilfred alikisimamisha kichwa kwa vijiko viwili, uso majini, shingo na lebo yake juu, pakavu. Wakati fulani kijiko kimoja kiliteleza. Alitaka kumpeleka bibie huyo wa udongo akiwa amenawa uso, basi. Alhamisi, siku ya miadi yake kwenye nyumba ya mnada, ilikuwa imebaki siku tatu.

Kwa miaka arobaini Wilfred aliandika vibao vya maduka ya Deptford, mtaa wa London, kwa mkono: mabucha, wauza maua, washona suti, hata wazishi, ambao walipenda herufi nyembamba zisizomtisha mteja. Kisha zikaja mashine za kukata plastiki zikamnyang'anya brashi. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano. Mambo ya kale alifundishwa na matapeli. Waungwana wenye tai nzuri walimuuzia mende wa jiwe, hirizi ya Wamisri wa kale, aliyechongwa wiki iliyopita, na mungu wa shaba ambaye kutu yake ilitoka kwa sabuni. Kila alipoumwa alijifunza jino lilipopita. Sasa, akiwa na miaka sabini na mmoja, alikuwa na kabati la vioo lenye vitu thelathini na kimoja alivyoviokota kwenye minada midogo ya mashambani, vitu ambavyo matajiri walivipita bila kuinama: ushanga, nusu ya taa ya mafuta, mguu wa mtu asiyejulikana.

Alichokitamani hakikuwa ndani ya kabati. Kilikuwa kwenye katalogi za nyumba kubwa za mnada za London, chini ya kila kitu, pale kwenye herufi ndogo ambazo wengi huziruka: kilikuwa cha bwana fulani, kisha cha mjane wa fulani, kisha cha daktari fulani. Wilfred alizisoma safu hizo za majina kama wanaume wenzake walivyosoma matokeo ya mpira. Alitaka siku moja jina lake liwe la mwisho kwenye safu kama hizo, na mtu pekee aliyemwambia ni mkewe.

"Watu wa kawaida huandikwa kwenye jiwe la kaburi," Beryl alimjibu. "Wewe wataka kuandikwa chini ya kichwa cha mwanamke mwingine."

Mwanamke huyo alimpata Januari, ndani ya sanduku la vitasa vya milango, mnada ukiwa umebakiza watu sita na mbwa mmoja. Nywele zilisukwa Kigiriki, macho yalikuwa ya Kimisri, na mashavuni palibaki vumbi la rangi ya waridi. Na chini, kwenye lebo, kwa wino wa kahawia: Iskanderia, kaburi la nne, 217, Thorold. Wilfred alimpigia simu Philippa Strang, mtaalamu wa vitu vya kale katika mojawapo ya nyumba zile kubwa za mnada. Alipomsomea jina hilo, sauti ya Philippa ilibadilika. Kapteni Thorold alichimba makaburi kwa kibali kabla ya vita vya kwanza vya dunia, akapewa fungu lake kihalali. Orodha yake ya namba bado ipo, ila haina picha.

"Lebo ikilingana na orodha, Bwana Ockenden, tutakiweka kwenye jalada la katalogi. Tutaandika Thorold, na mwisho Ockenden."

Alimwomba arudie hilo la mwisho, akisingizia kwamba simu inakwaruza.

Bila lebo, kichwa kilikuwa kama mtoto aliyeokotwa njiani. Makaburi ya Misri yanaibwa hadi leo, na kichwa kilichofukuliwa usiku wa juzi hakina sura tofauti na kilichofukuliwa kwa kibali miaka mia iliyopita. Ndiyo maana nyumba zenye kujiheshimu hazigusi kitu kisicho na ushahidi. Wilfred aliiunga mkono sheria hiyo. Aliwahi kuigombea na redio, mpaka Beryl akaizima redio ili wapumzike wote wawili.

Jumanne baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga dirisha, alikaa mezani na ukurasa mtupu alioukata nyuma ya kitabu cha nyimbo za kanisani cha bibi yake. Wino aliuchemsha mwenyewe kwa maganda ya kokwa za jozi na misumari yenye kutu. Mwandiko wa Kapteni ulikuwa bado umemkaa machoni: mlalo wake, ile T iliyotanda kama mwavuli, saba yenye kiguu. Alivuta pumzi akaandika mara moja bila kusita, kama alivyoandika maelfu ya majina ya watu wengine juu ya milango yao. Akaipitisha karatasi juu ya mvuke wa birika, akaisugua kwa kidole chenye majivu.

Beryl aliingia na vikombe viwili vya chai, akasimama.

"Wilf," alisema polepole. "Umeipata."

Uso wake ulikunjuka namna ambayo Wilfred hakuwa ameiona tangu mjukuu wao azaliwe. Hakujua hadi dakika ile kwamba mkewe naye alikuwa akiisubiri Alhamisi.

"Nimeiandika," alisema.

Beryl aliviweka vikombe mezani. Akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Maneno ni yale yale?"

"Yale yale."

"Namba ile ile?"

"Ile ile."

"Na huyo bibie wa mnada atatazama orodha yake akute ni kweli."

"Atakuta."

"Basi uongo uko wapi? Nionyeshe, maana mimi naona karatasi tu."

Swali lilikuwa la haki, na mtu aliyeliuliza hakuwahi kumlaghai hata muuza samaki. Wilfred alikwenda kwenye kabati atazame kama kazi yake inafikia kazi ya wenyewe. Alitoa chura wa kauri ya buluu, mwenye lebo ya askofu mmoja ya mwaka 1884, na nusu ya taa kutoka Kupro, yenye lebo ya daktari mmoja ya mwaka 1924. Vitu hivyo alivinunua katika miji miwili, kwa kupishana miaka kumi na mmoja. Alivilaza kifudifudi kando ya karatasi yake, akashika lenzi.

Yake ilikuwa nzuri zaidi. Hilo ndilo lililomshtua kwanza. Kisha akaona la pili.

Kila mkono una mahali pake pa kuchoka. Mchoraji wa vibao hulijua hilo kabla ya kujua alfabeti yote. Kuna mtu asiyeweza kuifunga O, kuna mwingine ambaye herufi yake ya mwisho lazima ishuke kidogo. Kwenye nne ya mwaka wa askofu kalamu ilinyanyuka kabla ya kufika chini, ikarudi, ikaacha kidonda kidogo cha wino. Kwenye nne ya daktari ilinyanyuka pale pale, ikarudi vile vile. Askofu na daktari, waliotenganishwa na miaka arobaini, walikuwa wamechoka mahali pamoja.

Wilfred alianza kucheka. Alicheka mpaka akaishika meza.

"Umeshikwa na nini wewe?"

"Askofu na daktari," alisema, akijifuta macho. "Ni mtu mmoja."

Beryl alichukua lenzi akatazama. Hakucheka.

"Kwa hiyo chura ni wa bandia?"

"Sijui." Kicheko kilimkauka. "Labda chura ni wa kweli kabisa. Labda hata askofu alikuwepo. Labda mtu alikuwa na lebo yake halali, ikalowa, ikatafunwa na panya, akakaa mezani kama mimi akaandika kile kile kilichokuwepo. Au alikaa akatunga. Nimekaa na chura huyu miaka kumi na tisa, Beryl, na sasa sina njia ya kujua. Yule mtu alijua. Akafa na siri hiyo."

Walikunywa chai ikiwa imekwisha kupoa. Mwishowe Beryl alisema, "Na Alhamisi?"

"Nitakwenda."

"Na hiyo?"

Wilfred aliikunja lebo ndani ya kitambaa safi, akaitia mfuko wa koti.

Ofisi ya Philippa Strang ilikuwa na zulia zito kiasi kwamba mtu hakusikia hatua zake mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye nywele fupi za mvi. Alivaa glavu, akakipokea kichwa kwa mikono miwili, akalitazama kila shavu kwa zamu, na Wilfred akampenda kwa utulivu ule. Kisha akakigeuza.

"Lebo?"

Mfukoni mwa koti, juu ya mbavu, Wilfred aliihisi karatasi kana kwamba ina uzito.

"Niliiosha," alisema.

Alimweleza yote: beseni, vijiko viwili, maji yenye rangi ya chai.

"Namba unaikumbuka?"

"Mia mbili na kumi na saba." Akasita. "Au mia mbili na sabini na moja. Ningeapa ni kumi na saba, bibie, mpaka nilipoiandika mwenyewe. Tangu hapo nikifumba macho naona mwandiko wangu tu."

Philippa alifungua kijitabu chembamba, akapitisha kidole. "Mia mbili na kumi na saba, kichwa cha mwanamke." Akafunua kurasa mbili. "Mia mbili na sabini na moja, kichwa cha mwanamke."

Wote wawili walikitazama kijitabu.

"Ninakuamini, Bwana Ockenden," alisema hatimaye. "Lakini siwezi kuuza kuamini kwangu."

"Najua. Wala sikuja kukuomba." Akatoa kitambaa, akakikunjua mbele yake.

Philippa aliinama na lenzi juu ya karatasi. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na swali na woga kidogo.

"Huu ni mkono wangu," Wilfred alisema. "Baki nayo. Itazame vizuri hiyo T. Nikifa, ukikutana na mkono huu mahali popote, ujue si Kapteni."

"Ungeileta hii kimya kimya, ningeipokea."

"Ndiyo. Mke wangu naye aliipokea."

Philippa alicheka kidogo, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakutarajia kucheka kazini. Akatoa karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kila kitu kinachopita mezani pake, alieleza, huwa na faili, hata kile kisichouzwa. Picha ya kichwa ingewekwa humo. Kwa nini bwana asiandike mwenyewe alichoona kwenye lebo na kilichotokea? Mtu mwingine akija miaka hamsini ijayo kumtafuta mwanamke huyu wa Kapteni Thorold, atakuta pa kuanzia.

Wilfred aliipokea kalamu, na mkono ukagoma.

Ulikuwa mkono uliojua herufi za mabucha na za washona suti, za Kapteni aliyekufa na za wazishi wasiotaka kutisha. Aliungojea umwambie ni zipi atumie, nao ukangoja yeye auambie. Hakuwa ameandika kitu kirefu kwa niaba yake mwenyewe tangu aache shule. Akaanza hivyo hivyo. Herufi zilitoka kubwa na ndogo, zikagongana, mstari ukapanda kama unataka kutoka kwenye karatasi. Aliandika sanduku la vitasa. Aliandika namba zote mbili. Aliandika kwamba kijiko kiliteleza na kwamba picha hakupiga ingawa aliambiwa. Akatia sahihi chini, akaisukuma karatasi ng'ambo ya meza huku masikio yakimwaka.

Philippa alisoma polepole, akirudia hapa na pale. Alipofika chini aliisogeza karatasi karibu na taa.

"Samahani," alisema. "Mengine yote nimeyasoma. Hili la mwisho ndilo linalonishinda. Ni neno gani?"

"Ockenden," alisema Wilfred. "Ni jina langu."

Philippa akachukua kalamu, na akamwomba alitamke tena, herufi moja moja.