Jina Lililovuka Mpaka

Chuo kilimpa binti yangu nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sheria za uhamiaji, na barua ikasema usajili unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Vyeti vyake vyote walivikubali. Kilichopungua ni cheti cha kuzaliwa tu. Sisi tulivuka mpaka tukiwa wakimbizi, na watu wa namna yetu huruhusiwa kupeleka kiapo cha mzazi badala yake. Mzazi aliyebaki ni mimi. Baba yake, Mungu amrehemu, alifariki mwaka wa tatu baada ya kufika.

Kiapo binti yangu alikichapa mwenyewe Alhamisi, kwenye meza ninayokunjia nguo.

"Soma, Mama, usije ukasema nimekuuza."

"Mimi na darasa la saba langu nimsahihishe mwanasheria?"

"Sahihisha. Nimekuwekea herufi kubwa, zile za vikongwe."

Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Jina, siku ya kuzaliwa, mahali. Herufi zote zilikaa sawa, na hakuna hata neno moja lililomhusu yeye.

Nilizaa mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka minne, mdogo miwili. Mkubwa alikufa kwa homa siku ya nne ya kutembea, baba yake akamzika kando ya njia. Mpakani tulimkuta afisa anapandisha kwenye lori watoto wenye kadi ya chanjo tu. Kadi ya mdogo iliungua na nyumba. Ya mkubwa ilikuwa kifuani mwangu, sikuwa nimeweza kuitupa. Mume wangu aliichomoa akampa afisa. "Tutarekebisha tukifika," akaninong'oneza. Tulipofika, jina la kadi likaingia kwenye daftari la kambi, kutoka kambini likaingia shuleni, shule ikazaa cheti, cheti kikazaa shahada. Walimu walinisifia mtoto: mdogo wa umbo lakini ana akili. Kumbe darasa zima lilimzidi miaka miwili. Na marehemu sikuwahi kumlilia kwa sauti. Utamliliaje mtu ambaye kila asubuhi unamwita aje anywe chai?

Pale mezani nilitaka kusema, nikashindwa. Binti yangu amefanya kazi miaka minne kwenye ofisi ya msaada wa sheria, akiwatafsiria wanaoomba hifadhi. Mara nyingi hurudi amekunja uso. "Leo wamemrudisha tena mama wa watu, Mama, eti maelezo yake ya kwanza na ya pili hayafanani." Shahada hiyo aliitaka ili asimame yeye mbele ya hakimu, asiendelee kukaa pembeni akitafsiri huku watu wakivunjwa. Nikamwambia hakuna kosa.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, tukaenda kwa wakili wa viapo. Ofisi yake iko juu ya duka la fotokopi, joto la mashine linapanda hadi miguuni.

"Karibu, mama wa mwanasheria! Leo umekuja kuapa, siyo kuapiza mtu?"

"Inategemea utakavyonipokea, wakili."

Binti yangu akacheka. Wakili akatoa msahafu kwenye droo, umefungwa kitambaa cha kijani, akauweka mbele yangu.

"Una udhu, mama?"

"Ninao."

"Haya, weka mkono, useme baada yangu."

Alfajiri nilikuwa nimejiambia nitaapa, halafu nitatubu. Mkono ulifika nusu ya meza, ukakataa.

"Wakili, aliyeandikwa humu alikufa."

"Mama, acha utani," binti yangu akasema. "Mimi si huyu hapa?"

"Huyo ni dada yako."

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapo juu, nikimtazama yeye tu. Wakili aliinuka akafunga mlango.

"Mama, mimi sikio hili la kulia ni bovu, sijasikia kitu," akasema. "Mwanasheria, unaijua sheria. Tukiandika haya, vyeti vyako vyote vinakuwa vya marehemu. Chuo hakitakusajili leo, na uhamiaji watalifungua upya faili la mama yako. Nigonge muhuri huu, uende zako ukasome?"

Binti yangu akanigeukia mimi.

"Nilikuwa na dada?" akaniuliza.

"Ulikuwa naye. Alikuwa akikubeba mgongoni, miguu yako ikiburutika chini."

Aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Nilijua anapima. Angesema gonga, ningekaa kimya; nilishakaa kimya miaka ishirini na minne.

"Mama, wakikuita uhamiaji utaweza?"

"Niko tayari, mwanangu. Nimechoka kuficha kaburi."

"Wakili, tuandike upya."

Wakili alipumua, akavuta kibodi. "Marehemu alifariki tarehe ngapi?"

"Sijui. Ilikuwa baada ya swala ya alfajiri."

Akaandika hivyo hivyo. Kisha akamgeukia binti yangu. "Na wewe jina lako la kweli ni nani?"

Binti yangu akaniangalia mimi. Nikalitaja. Alilirudia polepole, kama mgeni anayejifunza kusalimia. Hapo ndipo machozi yalinitoka, na nikamlilia yule mkubwa mbele ya mwanamume nisiyemjua, kwa sauti, hadi watu wa fotokopi wakapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Tulifika chuoni saa tisa. Karani wa usajili alisoma kiapo mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake, naye akasoma amesimama.

"Pole sana, dada," akasema. "Huyu tuliyempa nafasi siyo wewe. Rekebisha vyeti kwanza, kuanzia cha shule ya msingi, ndipo uombe tena."

"Itachukua muda gani?"

"Wewe ndiye mwanasheria. Unajua kuliko mimi."

Akachukua rula, akampigia mstari kwenye orodha, akamwita aliyekuwa akisubiri.

Binti yangu alikusanya karatasi, akaniambia asante Mama, akatangulia kutoka. Alitembea haraka, faili kwapani, akijikaza. Niliogopa ataingia barabarani bila kuangalia. Nikamwita kwa jina lake, lile la kweli. Hakugeuka. Nikaita tena. Watu wawili wakageuka, yeye akaendelea kwenda.