Oili ya Barnabas na Gari la Zahanati

Gari la zahanati lilizima mke wangu akiwa ndani, mbele kidogo ya Adungosi, jua likiwa kichwani. Tulikuwa tunampeleka Busia. Tumbo lilimshika tangu asubuhi na muuguzi alisema huyu ni wa kupasuliwa, asicheleweshwe. Gari langu mwenyewe, Pijo kuukuu ya kubeba ndizi, lilikuwa juu ya mawe likingoja gia. Basi tukapanda la serikali.

Injini ilianza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu amefungiwa ndani anataka kutoka. Halafu ikakwama. Kiprono, dereva, alisukuma gari hadi kando ya barabara, akafungua boneti, moshi ukamjia usoni, akafunga tena. Hapakuwa na kivuli kingine, kwa hivyo tulimtandikia mke wangu, Amongin, leso yake chini ya gari lenyewe, upande wa mbele, maana huku nyuma bomba la moshi lilikuwa linachoma. Alifia hapo. Ilikuwa mwaka wa sabini na saba, kabla ya mvua za masika.

Wiki hiyo hiyo maneno yalianza kutembea. Ati gari limeuliwa na oili ya Barnabas.

Barnabas alikuwa na kibanda Malaba, pale malori yanapongoja kuvuka mpaka. Alileta oili ambayo hatukuijua, mikebe myeupe isiyo na picha, bei rahisi. Alisema haikuchimbwa ardhini kama oili nyingine, wataalamu wameitengeneza kwa dawa zao kiwandani. Sisi huku oili nzuri tunaijua kwa kidole: unachovya, unasugua, ikivutika kama uji wa mtama ni nzuri. Hii ya Barnabas ilikuwa nyepesi kama ya kukaangia mandazi. Nani angeiamini?

Phanuel, msimamizi wa zahanati, alieleza kila mtu kwamba oili ya serikali ilichelewa kuja kutoka wilayani, kwa hivyo yeye kwa huruma yake akatoa pesa mfukoni akanunua ya Barnabas, na ndiyo iliyochoma injini. Naibu wa chifu, Opolot, akaitisha baraza. Alikuja kwangu yeye mwenyewe, na viatu vyake vinavyong'aa.

"Baba Adeke, wewe ndiye uliyefiwa," alisema. "Ukisimama useme oili ile imemuua mama, kibanda kinafungwa siku hiyo hiyo. Na mwenyewe anahama."

"Nitasimama," nilisema.

Nilimaanisha. Lakini watu wakubwa wakija hadi kwako kukuonea huruma, inafaa ujiulize wanatafuta nini. Serikali hii haikuwahi kunitembelea nilipokuwa na furaha.

Nilienda Malaba kununua mkebe mmoja, niupeleke barazani watu wauone. Barnabas alinitambua. Hakunipa mkono.

"Mzee, pole kwa mama."

"Pole yako weka. Nipe mkebe."

"Wa kutia kwa gari, ama wa kunifungia kibanda?"

Madereva waliokuwa wamekaa kwenye matairi yao wakacheka. Mmoja akasema, "Muuzie tu, boss, labda anataka kukaangia samaki."

"Nitatia kwa gari," nilisema kwa hasira. "Injini ikifa, nitakuletea hapa uizike."

"Sawa. Lakini mwaga ya zamani yote kwanza," alisema Barnabas. "Usiongezee juu yake kama mnavyopenda. Na usikae mwaka mzima na hiyo hiyo. Hii ni oili, si kiapo."

Gia yangu ilikuwa imepatikana wakati huo, imepatikana nikiwa sina wa kumpeleka popote. Nilimwaga oili ya zamani, ikatoka nzito kama lami, nikatia ile nyepesi. Nikaanza kubeba ndizi kutoka Malaba hadi Busia, na kurudi na chumvi. Nasema ukweli, nilikuwa naomba ife. Kila mlima nilizima redio yangu ndogo nisikilize. Nilitaka ile ko-ko-ko ije, nijue adui yangu ni nani, nimkamate shati.

Baada ya muda mfupi nilivuta kijiti cha kupimia, nikaona oili imekuwa nyeusi tii. Nikasema, haya, mwizi amepatikana! Nikaendesha hadi kibandani na kijiti mkononi.

"Tazama takataka yako!"

Barnabas alikipokea, akakitazama. "Hii ni takataka yako, mzee. Ilikuwa imelala ndani ya injini miaka yote. Oili yangu inaosha tu. Ukifua nguo, si maji yanachafuka?"

"Na hili tone linalodondoka kwa sili ya mbele?"

Hapo alikuna kichwa. "Hizo sili za mpira za kuzuia oili zikizeeka, hii inazipita. Hilo siwezi kukudanganya. Uwe unapima kila asubuhi."

Sikuridhika. Muuzaji anayekubali kosa dogo, huenda anaficha kubwa. Lakini Pijo ilikuwa inawaka asubuhi bila kukohoa, na mlima wa kutoka mtoni ilipanda na shehena kama imekula. Nilichukia kuona hivyo. Kama oili ile inatosha gari bovu kama langu, lenye miaka mingi kuliko watoto wa shule, ilishindwaje na gari la serikali?

Ndipo nikaanza kukumbuka siku ile vizuri, si kwa machozi.

Dereva wa huku, gari likizima na watu, ana desturi yake. Kabla hajasema lolote, anafungua boneti, anavuta kijiti cha oili na kuwainulia abiria wote waone. Ni kama kuapa: jamani, oili imo, mimi nimetunza gari, hii ni bahati mbaya. Hata wa lori akiwa peke yake na taniboi, yule msaidizi wake, atamwonyesha. Asipofanya hivyo watu watamla nyama. Kiprono amefanya hivyo mbele yangu mara nyingi. Siku ya Amongin alifungua boneti, akafunga. Mkono wake haukukigusa kijiti.

Na kitu kingine. Wakati ule ng'ambo ya mto, kwa jirani zetu wa nchi ya pili, hakukuwa na sukari, hakukuwa na sabuni, hakukuwa na oili. Mkebe wa oili ukivuka mto usiku kwa magendo, kahawa inarudi. Phanuel hakuwa na mti wa kahawa hata mmoja shambani kwake, lakini ukipita karibu na nyumba yake, pua yako ilikuwa inajaa kahawa. Mimi niliishia darasa la tatu, sikufundishwa kuuliza. Nilipita tu.

Siku ya baraza tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya Naibu. Gari la zahanati lilikuwa pale pale pembeni, tangu livutwe kutoka barabarani, kuku wamelala chini yake. Barnabas alikaa peke yake, watu wamemwachia nafasi kama mgonjwa wa ndui. Phanuel aliinua mkebe mweupe.

"Wananchi, hii ndiyo sumu," alisema. "Chovyeni vidole. Hii ni oili ama ni maji?"

Mkebe ukazunguka. Wamama walisugua, wakanusa, wakatikisa vichwa. "Nyepesi kweli," walisema.

"Baba Adeke," Naibu aliniita, "simama uwaambie."

Nilisimama.

"Mimi nimeitia oili hii kwa Pijo yangu," nilisema. "Nimebeba nayo ndizi mpaka leo. Mwenye kibanda simpendi. Lakini injini haijagonga."

Minong'ono. Barnabas aliinua uso.

"Mzee," Phanuel aliniambia polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, "gari lako ni la ndizi. Hili ni la kazi nzito. Si sawa."

"Basi tuone. Kama oili hii ndiyo ilichoma injini, bado imo ndani. Gari halijaguswa tangu siku ile. Vuteni kijiti, ninyi wenyewe."

Phanuel alimtazama Naibu. Naibu akatazama saa yake. "Hakuna haja," alisema Phanuel. "Hata kijiti kikiwa kikavu itakuwa ni kwa sababu ilivuja. Oili nyepesi inavuja. Si hata lako linadondosha? Kila mtu Malaba anajua."

Hapo watu walicheka kidogo, na mimi nilijua alikuwa amelijibu swali hilo kitandani mwake kabla ya siku hiyo.

Nilikuwa nimebeba kifurushi. Nilifungua leso ya mke wangu, ile ya njano yenye maua, nikaitandaza kwenye nyasi mbele yao. Adeke, binti yangu, alificha uso.

"Amongin alilala juu ya hii, chini ya injini ya gari hili, mpaka akakata roho, na hata baada yake," nilisema. "Sijaifua. Siwezi. Vumbi ndilo hili. Jasho lake ndilo hili. Gari linalovuja halijui kunyamaza, lingedondosha. Nionyesheni doa la oili."

Wamama waliinama. Mmoja aliigeuza upande wa pili, akairudisha taratibu. Doa la oili halikuwepo.

Naibu alisema, "Jambo hili litaandikiwa wakubwa, baraza..."

Hakumaliza. Kiprono alikuwa ameinuka huko nyuma. Hakuna aliyemwita. Alienda hadi kwenye gari, kuku wakatawanyika, akafungua boneti. Akavuta kijiti, akakipangusa kwa kitambaa kilichofungwa pale, akakirudisha ndani, akakivuta tena. Akakiinua juu watu wote waone, vile alipaswa kufanya siku ile barabarani.

Kilikuwa kikavu. Kiling'aa juani kama sindano.

"Niliambiwa niendeshe hivyo hivyo," alisema. Alikuwa ananiambia mimi, si baraza. "Ati oili itapatikana kesho."

"Nani alikwambia?" mama mmoja alipiga kelele.

Kiprono aligeuza kichwa. Macho yake yalienda mahali ambapo macho yetu yote yalienda, na kiti cha Phanuel kilikuwa kitupu.

Mnataka kujua alifungwa? Alihamishwa. Tulisikia amepewa kituo kikubwa kuliko chetu, chenye magari mawili. Kiprono ndiye aliyefukuzwa kazi. Naibu bado anavaa viatu vinavyong'aa na akiniona anavuka barabara.

Kibanda cha Barnabas hakikufungwa. Ninanunua oili yake mpaka leo, na hatusalimiani sana. Kila asubuhi, kabla sijawasha, ninavuta kijiti, nakipangusa, nakirudisha, nakivuta tena. Adeke akiwa karibu ninamwinulia aone. Anasema, "Baba, mimi ni mwanao, si abiria." Ninamwinulia hivyo hivyo.